Sura ya mzee si ushahidi: barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza na vijiji vya kandokando ya ziwa

Kwa: Viongozi wa mkoa, wilaya, kata na vijiji, wakuu wa vituo vya polisi, maafisa ustawi wa jamii, viongozi wa sungusungu, na viongozi wa dini zote kandokando ya Ziwa Victoria.

YAH: WAZEE WANAOHUKUMIWA KUWA WACHAWI KWA SURA ZAO

Waheshimiwa,

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kwimba, mkazi wa Ilemela. Nimeshavuka miaka 60, kwa hiyo kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nahesabiwa mzee, na sina ugomvi na hesabu hiyo. Nawaandikia kwa heshima zote mnazostahili. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeifuata mpaka imegonga mwamba. Nimekwenda ofisi ya kijiji, nimepanda kata, nimefika kituo cha polisi, nimemwona afisa ustawi wa jamii. Barua nilizoacha zina mihuri ya kupokelewa na hakuna hata moja iliyojibiwa. Sitataja kijiji wala jina la mtu. Anayehusika atajitambua, na mama ninayemsemea ana maadui wa kutosha tayari.

Mama huyo ni mama yangu mdogo, aliyemfuata mama aliyenizaa. Ni mjane, umri wake unakaribia miaka 80, anaishi peke yake wilayani Magu, karibu na mwalo wanakotua wavuvi. Watoto wake wametawanyika, wengine machimboni Geita, mmoja Dar es Salaam. Maisha yake yote ya utu uzima amebanika samaki. Alianza na furu na ngege. Sangara walipoenea ziwani miaka ya 1980 na furu wakaadimika, akahamia kwa sangara, na viwanda vya minofu vilipofunguliwa hapa Mwanza akawa ananunua mapanki, yaani mabaki ya sangara yaliyokwisha tolewa minofu, anayabanika na kuyauza magulioni. Moshi huo ndio uliowasomesha wanawe na ndio ulionishonea mimi sare za shule mwaka ambao pamba ya baba haikulipwa.

Macho yake ni mekundu. Yalikuwa mekundu nikiwa darasa la tano, yalikuwa mekundu siku ya harusi yangu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mtu akiyatolea neno. Alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, mwanamke mwenye biashara na sauti sokoni. Kisha mume akafa, watoto wakaondoka, nywele zikawa nyeupe, meno ya mbele yakatoka, mgongo ukainama. Hapo ndipo macho yaleyale yakaanza kusemwa kuwa ni ya mchawi. Mtoto wa jirani aliugua degedege akafariki. Walipotoka kwa mpiga ramli, walirudi na maelezo ya mtu wa kumtafuta: mwanamke mzee, macho mekundu, anakaa peke yake, ana mti mkubwa uani. Wiki chache baadaye karatasi ya daftari yenye vitisho ilitupwa mlangoni kwake. Yeye bila miwani hasomi, ikabidi amwite mtoto wa shule amsomee. Mtoto alisoma mpaka nusu akakataa kuendelea.

Hoja zangu ni hizi.

1. Sura imefanywa ushahidi

Binadamu humwangalia mwenzake usoni kabla hajasikia neno lake, na papo hapo moyoni huwa ameshaamua kitu. Sisemi jambo hilo liondolewe, kwa maana haliondoki. Kila Januari watoto wapya wa darasa la kwanza walikuwa wakinikodolea macho kutoka kwenye madawati, wakipima kama mimi ni mkali. Walinipima kwa urefu wangu, kwa sauti, kwa kovu nililonalo kwenye paji la uso. Lakini mtoto yule ukimpa wiki moja alikuwa anaibadili hukumu yake mwenyewe. Alishaniona nikicheka, alishaniona nikimfunga mwenzake kidonda. Kwa mzee wa kijijini nafasi hiyo haipo. Watu waliokula samaki wake miaka 40 wanamwangalia kana kwamba amehamia jana, na wanachokiona mara ya kwanza ndicho wanachobaki nacho.

Nami nimeanza kuyaonja haya, japo kwa mbali. Macho yangu sasa yanafanana na ya mama yangu. Ninapojitazama kwenye kioo asubuhi namwona yeye, na kwa kweli hilo hunifariji. Mvi sizifichi. Watoto wa mtaani kwetu wakiniambia "shikamoo bibi" naitikia marahaba kwa moyo mweupe, kwa kuwa ni cheo nilichokipata kwa kuishi. Ila siku moja ndani ya daladala ya kwenda Buzuruga, binti aliyekaa mkabala nami aliona namtazama mwanawe. Alikuwa mchanga, amefunikwa kitenge. Nilikuwa natabasamu. Binti aliniangalia machoni, akavuta kitenge akamfunika mtoto uso mzima, kisha akahama kiti. Hakunitukana, na wala simlaumu kwa chuki. Ameyanyonya hayo tangu utotoni. Lakini mimi niliyeshika mikono ya mamia ya watoto wa watu nikiwafundisha kuandika herufi, nilishuka kituo kilichofuata na kutembea kwa miguu.

Wenzangu wa umri huu wanapaka piko. Watu huwacheka kwamba wanataka usichana. Kwa baadhi yao, hasa wenye nyumba vijijini, sababu ni hofu. Namjua mama anayevaa miwani ya jua hata kanisani, na mwingine anayekwenda msibani mwisho kabisa ili asionekane amemkaribia mgonjwa kabla hajafa. Wanawake waliolea, waliolima, waliozika waume zao, leo wanajificha nyuso kama watu waliotoroka jela. Tunapenda kusema penye wazee haliharibiki neno. Tunalisema harusini, kisha tunarudi kijijini na kumwogopa mzee aliyepo.

Na tazameni jambo hili kwa makini: mzee mwanamume mwenye macho yaleyale huambiwa ni ya pombe, au ni ya jua la ziwani, na mara nyingi habari huishia hapo. Wapo wanaume wazee walioandamwa pia, sikatai. Lakini panga la wanaoua watu kwa kuwaita wachawi humtafuta zaidi mwanamke, mjane, aliye peke yake.

2. Macho mekundu yana sababu zake, na tiba zake

Niseme sababu hizo wazi, kwa sababu sijawahi kuzisikia zikisemwa kwenye mkutano wa kijiji.

Ya kwanza ni moshi. Usukumani miti iliisha zamani. Wanawake wengi wamepikia miti ya pamba, mabua, na samadi ya ng'ombe iliyokaushwa. Moshi wa vitu hivyo ni mzito, na jiko liko ndani, chumba hakina dirisha. Ukiinama juu ya mafiga matatu mara tatu kwa siku kwa miaka 60, utando wa jicho hukereka bila kupumzika, mishipa midogo ya damu hutanuka na kubaki imetanuka. Mbanika samaki hukaa kwenye moshi huo saa nyingi kuliko mpishi wa kawaida.

Ya pili ni jua, upepo na vumbi. Ndivyo humwotesha mtu kinyama kwenye kona ya jicho, kikatambaa kuelekea mboni. Ya tatu ni vikope, ugonjwa unaosambazwa na mikono, nguo na nzi mahali maji ya kunawa yanapokuwa haba. Ukirudiarudia tangu utotoni, kope hugeukia ndani na kulikwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Vikope huwapata wanawake zaidi kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto wadogo. Ya nne ni uzee wenyewe: machozi hupungua, hasa kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, na jicho kavu huwa jekundu.

Haya yote hutibika au hupunguzwa makali. Kuna dawa za matone, kuna vidonge vya vikope, kuna upasuaji mdogo wa kope na wa kile kinyama. Mwanza tuna hospitali ya rufaa ya kanda pale Bugando. Mama yangu mdogo nilimpeleka mjini, daktari akamkagua dakika chache na kusema neno moja: moshi. Natamani daktari yule angesema hivyo mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa kipaza sauti.

Waheshimiwa, mnao Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Lakini mitungi ya gesi ninayoiona ikigawiwa mikutanoni wanapewa mama lishe na vikundi vya vijana. Mjane wa miaka 78 anayebanika samaki mwaloni hayumo kwenye kikundi chochote, na nani alimwandika? Kwetu huku jiko lisilo na moshi ni ulinzi wa maisha ya bibi kwa maana mbili. Ningetaka wanaopanga mgao wajue hivyo.

3. Wapiga ramli wanajulikana kwa majina na kwa njia za kwenda kwao

Naheshimu dawa za miti shamba. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, kuna baraza linalosajili waganga, na wapo waganga wa kweli wasiomtaja mtu. Mpiga ramli anayenyoosha kidole ni mtu wa namna nyingine. Yeye huuza jina la jirani yako. Na kwa kuwa hamjui huyo jirani, hutoa maelezo yanayomwenea kila bibi wa nchi hii. Macho mekundu, anakaa peke yake, mti uani: nitajieni kijiji kimoja cha Magu, Misungwi au Sengerema ambacho hakina mama wa namna hiyo.

Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2015 serikali ikatangaza tena marufuku kwa wapiga ramli. Matangazo yote mawili niliyasikia redioni. Sasa ni miaka mingi imepita, na vibao vya wapiga ramli viko barabarani vikiwa na namba za simu. Lambalamba, wale wanaozunguka wakidai kufichua wachawi, wanaitwa kijijini mchana kweupe, kaya zinachangishwa fedha, na mwenyekiti anakaa meza ya mbele. Tangazo la redio halikamati mtu. Anayekamata ni polisi wa hapo hapo, na ndiye ninayemwandikia.

4. Mnamhamisha anayetishiwa na kumwacha anayetishia

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa hiyo nitaisema kwa urefu.

Nilipopeleka ile karatasi ya vitisho ofisini, nilijibiwa kwa upole. Nilipewa kiti na maji ya kunywa. Kisha nikaambiwa: "Mama, kwa nini usimchukue mzee ukakaa naye mjini apumzike?" Sehemu nyingine nikaulizwa kama namjua aliyeandika, na niliposema simjui nikaambiwa basi hakuna wa kumkamata, turudi likitokea tukio. Tukio! Mwanamke huyu akitokewa na tukio hatakuwepo wa kurudi. Kwingine nikaambiwa gari la ustawi wa jamii ni bovu. Na kiongozi mmoja, mtu mwema ninayemheshimu mpaka leo, aliniambia kwa kunong'ona kwamba ni mambo ya ukoo, tuyamalize kiukoo.

Nani anafaidika mama huyu akihamia Ilemela kwangu? Ana ekari tatu na nusu alizoachiwa na marehemu mumewe, sehemu moja ikishuka hadi karibu na ziwa, na bei ya viwanja vya kule siku hizi mnaijua kuliko mimi. Kabla ya mtoto kufariki, shamba hilo lilikwisha kuombwa na ndugu wa mume, naye alikataa. Simshtaki mtu hapa, ushahidi wa kuandika jina sina. Nasema tu kwamba mpiga ramli hulipwa na mtu, na mwenye kulipa huwa ana anachokitaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke, na inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Mjane anayeondoka usiku na furushi kichwani hati hiyo atapewa na nani?

Mawazo haya ya kumwondoa mshukiwa ni ya zamani. Sheria yetu ya Uchawi, ambayo asili yake ni utawala wa Waingereza mwaka 1928, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa akaishi mahali atakapopangiwa. Huenda waliona wanamlinda. Lakini tumejitawala mwaka 1961, na Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema katika ibara ya 14 kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Ibara ya 17 inampa haki ya kuishi sehemu yoyote ya nchi. Mama mdogo amechagua kuishi penye kaburi la mumewe. Nimemwomba mara nyingi aje kwangu. Ananijibu, "Nikiondoka, watasema nilikimbia kwa kuwa ni kweli." Sina la kumjibu, kwa sababu ni kweli watasema hivyo.

5. Mjini nako

Nitagusa kwa kifupi. Katika ofisi za mjini hatari ya panga haipo, ila macho ni yaleyale. Mzee akifika dirishani anayeulizwa shida yake ni binti aliyemsindikiza. Vidole vilivyosagwa na jembe na chumvi ya samaki havisomeki kwenye mashine ya alama za vidole, naye huambiwa arudi wiki ijayo kana kwamba vidole vipya vitakuwa vimeota. Wasemesheni wazee wenyewe. Wana akili zao.

Mtakayonijibu

Mtasema mauaji yamepungua. Namshukuru kila aliyehangaika yapungue. Lakini anayehesabiwa ni aliyekufa. Aliyehama usiku hayumo kwenye hesabu, wala anayelala na ndoo ya maji mlangoni akiogopa kuchomewa nyumba, wala aliyeacha kwenda zahanati kwa sababu njia inapita kwa watu wanaomzomea.

Mtasema hizi ni imani za watu na haziondoki kwa siku moja. Mkumbuke historia ya mkoa huu. Mwaka 1976 mauaji ya wazee Mwanza na Shinyanga yalishamiri hadi serikali ikaendesha operesheni. Katika operesheni hiyo washukiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa dola, na mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika, ingawa hakuwatesa yeye. Nalitaja hili kwa sababu mbili. Siku moja imekwisha kuwa miaka karibu 50. Na sitaki mtu yeyote ateswe kwa ajili ya mama yangu. Nataka upelelezi wa kawaida, wa kuchukua karatasi, kuhoji mashahidi na kufungua jalada.

Tena si kweli kwamba watu hawafundishiki. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu vijijini kuzunguka redio, wakajifunza na wakachimba vyoo kwa mikono yao. Bibi yangu asiyejua kusoma alikuwa na kikundi chake. Nchi iliyoweza hivyo ikiwa na redio moja kwa kijiji kizima haiwezi kushindwa leo wakati simu iko mfukoni mwa kila kijana.

Mtasema hakuna fedha. Karibu yote ninayoyaomba hayahitaji fedha mpya.

Na wapo watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba uchawi upo. Mimi sitaki kubishana na mtu juu ya anachokiamini moyoni. Amini unachoamini, lakini rangi ya jicho haikuambii lolote juu ya moyo wa mtu, na hakuna sheria wala dini inayokuruhusu kumkata jirani yako panga.

Ninachoomba

Kwanza, andiko au kauli yoyote ya kumtishia mzee ifunguliwe jalada siku hiyohiyo inapofikishwa kituoni, bila kumtaka mtishiwa amlete mwandishi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaihesabu barua ya kutishia kuua kuwa kosa hata kabla ya damu kumwagika.

Pili, mwenyekiti wa kijiji anayewaalika lambalamba au kusimamia mchango wao aulizwe na mkuu wa wilaya, na jibu lake lisikike hadharani.

Tatu, kila kijiji kiwe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, iwe mikononi mwa baraza la wazee na mtendaji, na watembelewe. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulinda ng'ombe. Naomba viongozi wao, kwa mamlaka waliyo nayo kwa vijana, watamke kwamba doria inalinda na bibi zetu, na kijana atakayeonekana karibu na nyumba ya mzee usiku ajieleze.

Nne, waganga wa macho watoke nje ya hospitali. Wafike minadani na mialoni siku za gulio, wapime, watibu, na wawaeleze watu kwa Kiswahili na kwa Kisukuma jicho jekundu linatokana na nini. Walimu wa sayansi wawafundishe watoto jambo hilo hilo, maana ni watoto wanaokimbia wakipita kwa bibi.

Tano, mgao wa majiko na mitungi uanze na wajane wazee na wabanika samaki. Na pale mialoni zijengwe tanuri zenye bomba la kutolea moshi.

Sita, mashamba ya wajane yapimwe mapema na hati zitoke kwa majina yao. Hilo peke yake litamnyima mpiga ramli wateja wengi.

Saba, ni kwenu maaskofu, mashehe, wachungaji na maimamu. Nyinyi ndio mnaowazika wazee hawa. Semeni Ijumaa na Jumapili, wakiwa bado wamekaa mbele yenu. Na wale mnaofundisha kwamba kila msiba una aliyeuleta, naomba mfikirie ni mlango wa nani unaobishwa baada ya ibada.

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee mwezi Januari 2016, na kifungu chake cha 8 kinazitaka serikali kukomesha mila zinazowadhuru, shutuma za uchawi zikiwamo. Sihitaji kuwasomea zaidi. Wazee wetu walikuwa na adabu ya kumwamkia mzee kwanza, "mwangaluka mayu", na kusubiri aitikie ndipo mazungumzo yaanze. Anzeni hapo na mama yangu mdogo: nendeni mkamwamkie. Nyumba yake mtaonyeshwa na mtu yeyote.

Jibu la barua hii nisiletewe mimi Ilemela. Lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji chake, yeye akiwa amekalishwa mbele, kabla ya tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Karatasi ya vitisho nimetoa nakala. Halisi ninayo na nitaikabidhi kwa askari yeyote atakayefungua jalada na kunipa namba yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu
Ilemela, Mwanza

Nakala: Mabaraza ya wazee ya vijiji na kata